Mafuriko: Jitayarishe kabla mto haujabisha hodi

Mvua za masika huanza mwezi wa Machi na kumalizika Mei. Za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Hii ina maana kwamba mkazi wa Riruta, Kawangware au Kibera ana miezi sita kila mwaka ya kuutazama mto kwa wasiwasi, na miezi mingine sita ya kujitayarisha. Wengi wetu huitumia ile miezi ya kiangazi kusahau. Somo la leo linahusu namna ya kuitumia vizuri zaidi.

Nianze na kisa. Asubuhi moja mwezi wa Mei mwaka wa 2024, baada ya usiku wa mvua kubwa, mama mmoja alinijia akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili mgongoni, amemfunga kwa leso. Mtoto alikuwa akiharisha tangu saa nane za usiku. Macho yalikuwa yamedidimia, mdomo umekauka, na nilipoifinya ngozi ya tumbo lake ilichelewa kurudi mahali pake.

"Mama, umempa nini cha kunywa tangu usiku?" nikamwuliza.

"Sijampa kitu, daktari. Kila akinywa anahara zaidi. Nikaona afadhali tumbo lipumzike."

"Na maji ya kunywa pale nyumbani, huwa mnayachemsha?"

"Wewe mwenyewe ulituambia tuchemshe, nasi tulikuwa tukichemsha. Lakini jana usiku maji yaliingia ndani, yakachukua makaa pamoja na jiko. Ningechemshia nini?"

Mtoto yule alipona baada ya kutiwa maji ya mshipani. Lakini jawabu la mama yake limenikaa moyoni hadi leo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wagonjwa "chemsheni maji", kisha nikadhani kazi yangu imekwisha. Sikuwahi kuwaambia wafanye nini siku ambayo makaa yenyewe yatakuwa yakielea. Kosa hilo lilikuwa langu, na makala haya ni njia yangu ya kulirekebisha.

MITO YETU NA TABIA ZAKE

Kabla ya kuzungumzia dawa, daktari humchunguza mgonjwa. Nasi tuichunguze mito yetu kwanza.

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapitia upande wa Dagoretti na Kawangware kabla ya kuteremka kuelekea Chiromo na katikati ya jiji. Mto Motoine, ambao mbele huitwa Mto Ngong, hutoka upande wa Dagoretti, ukapita kusini mwa Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 na ambalo siku hizi limejaa matope na magugu maji. Kati ya mito hiyo miwili kuna vijito vya Kirichwa vinavyoteremkia Kilimani na Kileleshwa.

Tazama basi jinsi tulivyounganishwa. Mvua ikinyesha Kikuyu na Dagoretti, maji yake yatafika kwa mkazi wa Kawangware hata kama kwake hakujanyesha tone. Maji yanayopita upande wa Riruta leo jioni ndiyo yatakayofika Gatwekera, Lindi na Silanga kule Kibera baadaye usiku. Kwa hiyo usiwe na tabia ya kutazama mawingu yaliyo juu ya paa lako pekee. Tazama na yale yaliyo upande wa juu wa mto.

Kwa nini mito hii midogo, ambayo wakati wa kiangazi mtoto huvuka bila kulowesha magoti, hugeuka ghafla kuwa ya kutisha? Hesabu ni rahisi. Chukua chumba kimoja cha mabati, cha kama mita 3 kwa mita 3. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa hilo, hutoa maji lita 450, yaani zaidi ya mitungi 22 ya lita 20. Ploti yenye vyumba 20 itamwaga lita 9,000. Zamani maji hayo yangenyonywa na udongo wa shamba. Siku hizi yanakuta bati, saruji, lami na njia zilizoshindiliwa kwa miguu, kwa hiyo yote hukimbilia mtoni kwa wakati mmoja.

Halafu kuna taka. Karavati likizibwa na mifuko, nguo kuukuu na magodoro, hugeuka kuwa ukuta wa bwawa. Kuhusu hatari ya bwawa la namna hiyo, tusisahau yaliyotokea karibu na Mai Mahiu usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024. Maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani ambalo njia yake ya maji ilikuwa imeziba. Tuta lilipopasuka, watu zaidi ya 40 waliokuwa wamelala walipoteza maisha. Katika masika ya mwaka huo, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Wazee wetu nao wanaikumbuka El Nino ya 1997 na 1998, ambayo iliharibu barabara na madaraja na kufuatiwa na mlipuko wa kipindupindu. Haya si mambo ya mara moja katika maisha. Yatarudi.

MAFURIKO HUUA MARA MBILI

Mafuriko huua mara ya kwanza kwa nguvu za maji, na mara ya pili kwa maradhi. Mara ya kwanza huchukua dakika chache. Mara ya pili huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi wanaokufa hawahesabiwi kuwa wamekufa kwa mafuriko.

Tuanze na nguvu za maji. Watu wengi hudhani maji yasiyofika magotini hayana hatari. Ukweli ni kwamba maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Hakuna mwanamume, hata awe na kifua cha mcheza ndondi, awezaye kushindana na mkondo wa namna hiyo. Isitoshe, maji ya mafuriko ni meusi. Huwezi kuona shimo la choo lililobaki wazi, msumari, wala ubao wa daraja uliong'oka.

Hatari ya pili ni umeme. Katika mitaa yetu nyaya nyingi zimeunganishwa kiholela na hupita juu ya mabati au chini kabisa. Waya uliochubuka ukigusa ukuta wa bati, nyumba nzima inaweza kuwa na umeme. Maji yanapokaribia, zima swichi kubwa ukiwa umesimama mahali pakavu. Kama umekwisha kukanyaga maji, usiiguse swichi hiyo wala bati. Toka nje na uwaite wengine nao watoke.

Hatari ya tatu haijulikani na wengi, nayo ni jiko. Baada ya mvua kubwa nyumba huwa baridi, nguo na magodoro yamelowa. Mzazi huwasha jiko la makaa, akafunga mlango na dirisha ili watoto wapate joto. Makaa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi, akalala asiamke. Tafadhali, jiko likolee nje, na kama ni lazima liingie ndani, mlango na dirisha viwe wazi. Kamwe usilale na jiko linalowaka.

MARADHI YANAYOFUATA MAJI

Vyoo vya shimo vikifurika, kinyesi huingia mtoni, mitaroni, na hata katika mabomba. Hapa pana jambo ambalo ningependa ulielewe vyema. Mabomba mengi ya plastiki yanayoleta maji katika ploti zetu hupita ndani ya mitaro. Maji ya jiji huja kwa zamu. Siku ambayo bomba limejaa, maji hutoka nje kupitia tundu. Lakini siku ambayo bomba ni tupu, tundu lile lile hunyonya maji machafu ya mtaroni na kuyaingiza ndani. Mfereji unapofunguliwa tena, unachota uchafu huo pamoja na maji ya jiji. Yanaweza kuonekana safi kabisa. Yule mama wa kisa chetu alikuwa amechota maji kwenye mfereji ule ule alioutumia kila siku.

Kipindupindu. Maradhi haya husababishwa na kijidudu kinachoingia kwa chakula au maji. Dalili zinaweza kuanza saa chache tu baada ya kukimeza, au hata siku tano baadaye. Mgonjwa huharisha maji yanayofanana na maji ya mchele, bila maumivu makubwa ya tumbo, na anaweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa na maji mwilini. Mlipuko ulioanza nchini mwezi wa Oktoba 2022 uliifikia Nairobi, na mwezi wa Februari 2023 jiji letu lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopewa chanjo ya kumeza. Ukisikia chanjo hiyo imeletwa tena, nenda ukaipokee, lakini usiache kutibu maji kwa sababu umechanjwa.

Homa ya matumbo. Hii huja polepole zaidi, baada ya wiki moja au mbili, kwa homa inayopanda siku hadi siku, maumivu ya kichwa na ya tumbo. Kuhara si lazima, wengine hufunga choo. Usinunue dawa kwa kukisia.

Homa ya mgunda. Jina hili lilivuma mwaka wa 2022 kutokana na mlipuko uliotokea Ruangwa, mkoani Lindi, nchini Tanzania. Vijidudu vyake hukaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Mafuriko huuchanganya mkojo huo na maji na matope, na vijidudu vikapenya mwilini kupitia michubuko ya miguu, macho au mdomo. Baada ya siku chache au hata wiki kadhaa, mtu hupata homa kali, macho mekundu, na maumivu ya misuli, hasa ya mavi ya miguu. Wengine hugeuka manjano na figo zikashindwa kufanya kazi. Inatibika ikitambuliwa mapema. Lakini daktari hawezi kuifikiria asipoambiwa. Kwa hiyo ukiugua homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kupita katika maji ya mafuriko, mweleze jambo hilo kabla hujamaliza kuketi.

Pepopunda. Jeraha lolote lililoingia matope lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, kisha uende zahanati ukaulizwe habari za sindano ya pepopunda.

MAJI SALAMA SIKU YA TAABU

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama: ningechemshia nini? Zipo njia nne, nazo ni vyema uzijue zote ili moja ikikwama ushike nyingine.

Ya kwanza ni kuchemsha. Wengi hupoteza makaa kwa kuacha maji yatokote kwa dakika 20. Hapa Nairobi, yakishatokota kwa nguvu, dakika moja yatosha. Epua, funika, na uyaache yapoe yenyewe.

Ya pili ni dawa ya klorini, ya maji au ya vidonge. Chupa yake haihitaji moto na hukaa kwa miezi mingi. Nunua moja wakati wa kiangazi, uiweke mahali pa juu. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hizi hazilingani nguvu. Koroga, kisha subiri nusu saa kabla ya kunywa. Harufu kidogo ya dawa ni ishara nzuri.

Ya tatu ni kuchuja. Maji yenye matope hula dawa yote kabla haijaua vijidudu. Yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa angalau mara nne, ndipo utie dawa. Usiidharau njia hii. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba wanawake waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa hivyo walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Hata hivyo nusu si yote, kwa hiyo kuchuja peke yake hakutoshi.

Ya nne ni jua. Jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au mbili, uilaze juu ya bati kwa saa sita za jua kali. Mbingu zikiwa na mawingu, iache siku mbili mfululizo. Wakati wa masika njia hii ni ya mwisho, lakini ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Tena, weka akiba. Mtu mmoja huhitaji angalau lita mbili hadi tatu za kunywa kwa siku. Mtungi mmoja wa lita 20 uliotiwa dawa na kufungwa vizuri, ukawekwa juu ya meza, unaweza kuitunza familia ya watu watatu kwa siku mbili au tatu za mwanzo, ambazo ndizo ngumu.

MTOTO AKIHARISHA

Kuharisha hakumalizwi kwa kumnyima mtoto maji. Tumbo halipumziki kwa kiu. Linalomuua mtoto ni ukavu wa mwili, si kinyesi chenyewe. Kila tone linalotoka sharti lirudishwe.

Dunia ilijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliojaa katika kambi za India walivamiwa na kipindupindu, na maji ya mshipani yakaisha. Daktari mmoja Mhindi, Dilip Mahalanabis, aliamua kuwapa chumvi na sukari iliyochanganywa na maji, wakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Vifo vilipungua sana. Tangu siku hizo, mama mwenye kikombe na kijiko ameokoa watoto wengi ambao hawakuwa na daktari karibu.

Weka nyumbani pakiti mbili au tatu za dawa hiyo ya chumvi na sukari. Soma pakiti kwanza: nyingine ni za kuchanganywa na maji nusu lita, nyingine lita moja. Ukikosa pakiti, tengeneza hivi: chukua lita moja ya maji salama, yaani chupa mbili za nusu lita, utie vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kurundika. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo onja: isiwe na chumvi kupita machozi. Mchanganyiko usiokwisha ndani ya siku moja umwagwe.

Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe kati ya robo na nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha anza tena kwa kijiko, polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula. Katika kituo cha afya ataongezewa vidonge vya zinki, navyo vimalizwe kama alivyoandikiwa hata akiacha kuharisha.

Mpeleke hospitalini mara moja ukiona dalili hizi: macho yamedidimia, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, utosi wa mtoto mchanga umebonyea, ana damu katika choo, amelegea au hawezi kunywa. Mkiwa njiani endelea kumnywesha.

MATAYARISHO YA NYUMBA

Jioni moja ya kiangazi, fanya haya na watu wa nyumbani kwako.

1. Tafuta ndoo au kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko unaobana. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka wa 2017, kopo ndilo bora. Tia humo vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na pesa kidogo.

2. Tia pia dawa. Anayemeza dawa za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi, za kifafa, za shinikizo la damu au za kisukari asikae na akiba ya siku moja tu. Aweke za wiki moja mahali pakavu, pamoja na kadi yake. Mwaka wa 2024 niliwaona watu waliookoa televisheni wakapoteza dawa. Televisheni hununuliwa tena, lakini dawa za kifua kikuu zikikatizwa ugonjwa unaweza kuwa sugu.

3. Ongeza tochi, kipenga, chupa ya klorini, pakiti za chumvi na sukari, sabuni, na viatu vya kufunika mguu. Gambuti ni bora zaidi.

4. Mjamzito aliyefikisha miezi minane azungumze mapema na mkunga, na ikiwezekana akae kwa jamaa aliye mahali pa juu mvua zinapokuwa kali. Uchungu hauchagui usiku mkavu.

5. Kila mtoto ajue maneno haya: "Maji yakija, sirudi kuchukua kitu." Mfundishe pia mahali pa kukutania endapo mtapotezana.

MATAYARISHO YA MTAA

Nyumba moja haiwezi kuuzuia mto. Hapa tunahitaji jirani, Nyumba Kumi, chifu, wenye ploti, na wahudumu wa afya ya jamii, ambao hujua kila mlango na nani anaumwa nyuma ya mlango huo.

Kwanza, pateni habari mapema. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yapo hapa hapa Dagoretti Corner. Ni ajabu kwamba utabiri utolewao jirani kwetu hatuusikilizi. Kibera wamejaribu njia nzuri: utabiri huo ukapelekwa kwa lugha nyepesi kupitia viongozi wa vijiji na redio ya mtaa, Pamoja FM. Jambo kama hilo linaweza kufanywa na shule, kanisa au msikiti wowote wa Riruta.

Pili, wekeni alama mtoni. Pakeni nguzo au mwamba rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Maji yakifika manjano, wazee, wagonjwa na watoto waanze kuondoka. Yakifika nyekundu, kila mtu aondoke. Tazameni pia mto ukibadilika rangi ghafla, ukianza kubeba matawi, au kuvuma kwa sauti ngeni.

Tatu, mlio juu wapigieni simu walio chini. Mkazi wa Riruta au Ngando aonaye Motoine ukipanda anaweza kumpa mkazi wa Lindi au Silanga muda wa kuwaamsha watoto. Andikianeni nambari sasa. Na unapotupa taka mtoni huku juu, kumbuka kwamba itaziba karavati la mtu huko chini.

Nne, andikeni orodha ya wasioweza kukimbia: wazee, walemavu, waja wazito, waliotoka hospitalini juzi. Kando ya kila jina andikeni majina ya majirani wawili watakaombeba. Orodha isiyo na wabebaji haisaidii kitu.

Tano, zibueni mitaro kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Usiokota taka za mtaroni kwa mikono mitupu. Vaa glavu na gambuti, kisha uoge kwa sabuni.

JAMBO LISILOPENDEZA

Lipo jambo moja ambalo ningependa kulikwepa, lakini daktari hamfichi mgonjwa. Nyumba zilizo ukingoni kabisa haziwezi kufanywa salama kwa kipenga na ndoo. Sheria huitenga ardhi ya kando ya mto, kati ya mita 6 na 30, na mwezi wa Mei 2024 serikali ilibomoa nyumba nyingi kando ya Mto Mathare. Watu waliohamishwa wakati mvua ingali inanyesha, bila mahali pa kwenda, nao huugua. Najua kwa nini mtu hupanga pale: kodi ni nafuu, na kazi iko karibu. Simlaumu. Lakini namwomba mzazi anayeweza, hata kwa kujibana, atafute chumba mita chache juu zaidi. Na wale wenye mamlaka namwomba kila mmoja akumbuke kwamba kuhamisha ni matibabu yanayohitaji matayarisho kama upasuaji. Hutaanza kupasua kabla ya kuandaa kitanda.

BAADA YA MAJI KUONDOKA

Usirudi usiku. Kuta za udongo zilizolowa huanguka baada ya mvua kukatika. Usiwashe umeme hadi fundi akague. Tupa chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko, hata kama kinaonekana kizuri. Osha sakafu, vyombo na mitungi kwa sabuni kisha kwa maji yenye klorini. Mwaga maji yaliyotuama katika makopo na magurudumu makuukuu ili mbu wasizaliane. Na usishangae wewe au mtoto mkikosa usingizi kwa siku kadhaa na kuogopa kila mvua inaponguruma. Huo nao ni ugonjwa wa mafuriko. Zungumzeni, kaeni na watu, na ikizidi wiki kadhaa njooni kituoni.

KAZI YA WIKI HII

Somo bila zoezi husahaulika. Kabla ya gazeti la wiki ijayo, fanya mambo matatu: nunua chupa ya klorini, tafuta kopo lenye mfuniko, na uandike nambari ya simu ya mtu mmoja anayeishi juu ya mto kuliko wewe na ya mmoja anayeishi chini. Andika pia hizi: 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu.

Yule mtoto wa miaka miwili sasa amekua. Mama yake alipita kwangu juzi kwa sababu nyingine kabisa, nikamwuliza kama amejitayarisha. Akacheka. "Daktari, klorini iko juu ya kabati," akasema. "Makaa pia nimeyapandisha."